Kabla hujaidhinisha fedha: ushauri kwa wanaoanza kufadhili ulinzi wa vyanzo vya maji pamoja na jamii za asili

Anza na ardhi, miti itafuata. Kabla ya kusoma bajeti, uliza nani anatambuliwa kisheria kuwa mwenye msitu, kama kuna kesi mahakamani, na kama kuna amri ya kuwaondoa watu. Januari 2018 Umoja wa Ulaya ulisimamisha mradi wa euro milioni 31 wa kulinda vyanzo vya maji nchini Kenya, baada ya mtu wa jamii ya Wasengwer kupigwa risasi na kufa katika msitu wa Embobut. Mgogoro wa ardhi kati ya jamii hiyo na serikali ulijulikana miaka mingi kabla ya mradi. Kuukuta baada ya damu kumwagika ni kuchelewa.

Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili linataka ridhaa iliyo huru, inayotolewa mapema, na watu wakiwa wamepewa taarifa zote. Neno "mapema" ndilo linalovunjwa zaidi. Bajeti ikishapita na siku ya uzinduzi ikishapangwa, mkutano wa kijijini ni wa kupasha habari tu. Tenga basi ruzuku ndogo ya kutangulia, ya miezi sita hadi kumi na miwili, iwalipie nauli, chakula, mkalimani na wakili wanayemchagua wao wenyewe. Karatasi ya mahudhurio haithibitishi ridhaa. Mtu husaini pia ili apate posho. Wasikilize kando wanawake wanaochota maji, maana kwenye baraza la wazee huenda wasiseme. Na jamii ikikataa, andika kuwa imekataa, wala usirudi mwezi ujao na swali lilelile.

Sasa fedha zenyewe. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa mjini Glasgow, mwaka 2021, wafadhili waliahidi dola bilioni 1.7 kwa haki za ardhi na misitu ya jamii za asili na wenyeji. Taarifa yao ya mwaka uliofuata ilionyesha kuwa asilimia 7 tu ndiyo iliyokwenda moja kwa moja kwa mashirika ya jamii hizo. Piga hesabu: fedha zikipita mikono mitatu ya mashirika ya kati, kila mmoja ukikata asilimia 15 ya kinachoufikia, dola 100 zinafika zikiwa 61. Dai hesabu hiyo ionekane kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko la mradi. Kama jamii bado haina usajili wala akaunti, shirika jingine linaweza kuwashikia fedha, lakini mkataba utaje tarehe ya kukabidhi. Lipa mshahara wa mhasibu wao kwa mwaka mzima. Usiwaambie watumie kwanza ndipo warejeshewe. Hawana akiba ya kukukopesha. Mwenye mtumbwi hatoi risiti, kwa hiyo kubalianeni tangu mwanzo juu ya hati yenye jina, kazi, siku, kiasi, dole gumba na shahidi.

Fedha zifuate mvua, zisifuate mwaka wa fedha wa ofisi. Zikichelewa, miche hukaa kwenye viriba (mifuko ya kuoteshea) hadi mizizi ifike chini na kuanza kujizungusha. Mche wa namna hiyo husimama kijani msimu mzima, halafu kiangazi huumaliza, na lawama huangukia wenyeji. Ukiwa kitaluni, chana kiriba kimoja utazame mzizi kabla ya kuruhusu upandaji. Tena mara nyingi kupanda si dawa. Kuziba barabara ya zamani ya magogo inayoteremsha tope, au kuwajengea mifugo birika mbali na chemchemi, kunaweza kusafisha mto kuliko miche elfu kumi. Miche hupendwa kwa sababu inapendeza pichani.

Pima tope la mto juu na chini ya eneo la kazi, siku ileile, na ulinganishe masika kwa masika. Takwimu zibaki mikononi mwa jamii, na maeneo yao matakatifu yasichorwe kwenye ramani bila idhini yao.

Mradi wa miaka mitatu huisha kabla mti haujashika udongo sawasawa. Mfuko wa maji wa Quito, mji mkuu wa Ekuado, ulioanzishwa mwaka 2000, ni mfuko wa amana uliowekwa kwa miaka 80, na kampuni ya maji ya mji huchangia asilimia 2 ya mauzo yake. Tafuta basi nani anakunywa maji hayo huko chini, umwombe mchango wa kudumu, kisha uhesabu viti vya bodi: jamii ina kura ngapi, na je, inaweza kuzuia uamuzi unaoigusa ardhi yake?