Kwa nini eko irudiwe ndani ya chumba cha upasuaji: jibu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, umesema kwamba mama yako amekwisha kufanyiwa eko ya kifuani (picha za moyo zinazopigwa kwa mawimbi ya sauti) mara mbili, na sasa mmeambiwa kuwa siku ya kurekebishwa valvu yake ya mitrali (mlango kati ya chemba ya juu na ya chini za kushoto za moyo) atapitishiwa kooni mpira wenye ultrasaundi, nawe unashuku kwamba ni njia ya kuongeza bili. Mimi ni daktari wa usingizi na nimetumia kifaa hicho kwa miaka kadhaa katika upasuaji wa moyo, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Eko ya kifuani hupenya katikati ya mbavu, na mapafu yaliyojaa hewa huziba sehemu ya picha. Umio umepita nyuma kabisa ya chemba ya juu ya kushoto ya moyo, hivyo kifaa kikiwa humo huitazama valvu ya mitrali kutoka umbali wa sentimita chache tu, wala hakiwazuii wanaopasua kwa mbele. Mama atakuwa amekwisha kulala usingizi mzito kinapopitishwa.

Picha za mwanzo huthibitisha ugonjwa na kuonyesha kama kuna damu iliyoganda kwenye kona ya chemba ya juu, lakini zinazoamua mambo ni za baada ya kushona. Daktari wa upasuaji hujaribu valvu kwa kujaza maji ya chumvi kwenye chemba ya chini, jaribio zuri ambalo hata hivyo hufanywa moyo ukiwa umesimama na kulegea. Moyo unapoanza tena kupiga, kwanza tunatafuta hewa iliyobaki ndani, ambayo kwenye skrini hung'aa kama punje za chumvi zilizomwagwa juu ya kitambaa cheusi. Mgonjwa akiwa amelala chali, mdomo wa mshipa wa kulia unaolisha moyo huelekea juu, na kwa kuwa hewa hupanda, inaweza kuingia humo na upande wa kulia wa moyo ukalegea ghafla. Baada ya hapo ndipo tunapoipima valvu yenyewe.

Hapo niliwahi kukosea. Mama mmoja alikuwa amerekebishwa valvu, jaribio la maji likapita, nami nikaona kwenye skrini mchirizi mwembamba tu wa rangi, yaani damu inayovuja, ukirudi chemba ya juu, nikatamka kwamba kazi ni safi. Mkubwa wangu hakuitazama hata skrini, aliuliza, "Presha ngapi?" Ilikuwa 80. Dawa za usingizi hushusha presha, na presha ikishuka uvujaji hujificha. Tulipoipandisha hadi karibu 130, ule mchirizi ulipanuka mpaka ukagonga ukuta wa nyuma wa chemba. Mgonjwa akarudishwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, valvu ikafanyiwa kazi upya, na mara ya pili ikahimili presha ileile. Laiti kifua kingefungwa kwa kauli yangu ya kwanza, angeamka na ugonjwa uleule uliomleta, na kuurekebisha kungehitaji kumpasua tena siku nyingine. Tangu siku hiyo sisemi neno juu ya valvu kabla ya kusoma presha.

Kuhusu hatari, kukereketa koo kwa siku moja au mbili ni jambo la kawaida, ilhali kuchanika kwa umio ni nadra sana lakini kukitokea ni balaa. Kwa hiyo mwambieni daktari wa usingizi mapema kama mama humeza chakula kwa shida, kama amewahi kutapika damu, kama ana ugonjwa wa ini au amewahi kupasuliwa umio au tumbo, kwani baadhi ya hali hizo hutufanya tukiache kifaa hicho kabisa. Mtajeni pia jino linalolegea, na meno ya bandia yavuliwe. Ukipata nafasi, uliza ni nani atakayezisoma picha siku hiyo. Swali hilo naliona na uzito kuliko la bili.