Maswali na Majibu: Vitunguu vya Maua Arusha na Moshi

Nimeletewa vitunguu kumi vya tulipu kutoka Uholanzi. Nikivipanda Njiro, hapa Arusha, vitachanua?

Ukivipanda hivyo hivyo utapata majani mafupi tu. Asili ya tulipu ni milima ya Asia ya Kati. Bila baridi ndefu shina halirefuki. Vitie kwenye mfuko wa karatasi, viweke kwenye friji (siyo friza), nyuzi 4 hadi 7, kwa wiki 12 hadi 14. Humo pasiwe na ndizi wala tufaha: tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, inayoua chipukizi la ua. Ukianza mapema Machi utapanda Juni, baridi ikiwa imeingia. Fukia sentimita 15. Kwa Moshi mjini, penye joto zaidi, hatushauri kabisa.

Amarilisi yangu, hapa Moshi, ina mwaka wa tatu. Majani tele, ua hakuna.

Kwanza, usiyakate hayo majani. Kitunguu cha amarilisi hutunga chipukizi moja la ua kwa kila majani manne hivi, kwa hiyo anayekata majani ili bustani ionekane safi anakata maua ya mwakani. Kisha zungushia kitunguu futi ya fundi cherehani: kikiwa chini ya sentimita 20, huenda bado ni kichanga. Shingo na theluthi ya juu vikae nje ya udongo. Yuria nayo iache, inanenepesha majani tu.

Kinachosahaulika zaidi ni kiangazi. Huu ni mmea wa Amerika Kusini, na hupumzika wakati wa ukame. Masika ikiisha, mwezi Juni, sogeza chungu chini ya upenu na usimwagilie wiki 8 hadi 10. Majani yanyauke yenyewe. Agosti kirudishe juani, mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini, halafu subiri. Ncha ya jani ni bapa na nyembamba. Ya ua ni nene, imevimba kidogo. Ukiiona hiyo, ongeza maji.

Gladiola zetu huoza kila masika. Udongo ni mweusi, unaopasuka kiangazi.

Udongo huo hushika maji, na kiazi cha gladiola hukosa hewa. Inua tuta sentimita 25, changanya mchanga wa mto na samadi iliyooza vizuri, mbichi huozesha. Panda kina cha sentimita 10, nafasi 15. Kiazi kinachobonyea kwa kidole kitupe mbali na tuta, kisiambukize vingine.