Kifaa cha moyo na miezi ya kufungiwa

SWALI: Baba yangu anaishi Voi. Amewekewa kifuani kifaa kinachoushtua moyo ukienda mbio kupita kiasi. Mombasa ilipofungwa Aprili 2020 alikosa kliniki mbili. Kifaa kiliposomwa baadaye, daktari akasema moyo ulitulia kuliko kabla. Imekuwaje? Na tukifungiwa tena tufanye nini?

JIBU: Si baba yako peke yake. Huko Marekani, data za vifaa vya wagonjwa zaidi ya 5,000 zilionyesha mapigo hatari ya vyumba vya chini vya moyo yalipungua kwa karibu theluthi moja mwanzoni mwa korona. Wala si kwamba watu waliogopa hospitali: kifaa huandika kila tukio, mwenyewe atoke asitoke. Hukisiwa kuwa pilkapilka na msongo wa kazi vilipungua. Lakini sisi hatuuiti utulivu huo kupona, maana kushinda umekaa hudhoofisha moyo ambao tayari ni mchovu.

Kifaa cha aina hiyo hukaguliwa kila miezi 3 hadi 6. Kukosa kliniki moja si hatari sana ikiwa betri bado ina nguvu, kwa hiyo ulizeni leo imebaki kiasi gani. Ikishafikia alama ya kubadilishwa, kwa kawaida imebakiza kama miezi 3, na hilo haliahirishwi hata kukiwa na kafyu. Vifaa vingine hulia au hutetemeka kutoa onyo. Akisikia hivyo, pigeni simu. Ulizeni pia kama kuna mashine ya kuweka kando ya kitanda inayotuma taarifa kliniki usiku. Iwe karibu naye na isichomolewe. Umeme au mtandao ukikatika, haitumi kitu.

Akishtuliwa mara moja na akajisikia sawa, ijulisheni kliniki siku hiyohiyo. Mara mbili au zaidi ndani ya saa 24, au mara moja tu lakini akazimia, akabanwa kifua au akakosa pumzi, ni hospitali papo hapo. Anayemshika wakati huo hadhuriki.

Mapigo mabaya huweza pia kuamshwa na dawa, zikikosekana au zikichanganywa vibaya. Akiba ya vidonge vya moyo isipungue mwezi mmoja, kwani vile vya kupunguza kasi vikikatishwa ghafla moyo huruka. Kuharisha na kutapika nako humaliza potasiamu, madini yanayosaidia moyo upige sawasawa. Na ule mchanganyiko wa haidroksiklorokwini (dawa ya malaria) na azithromaisini (antibiotiki), uliogombaniwa 2020 kwa kudhaniwa unatibu korona, unaweza kuvuruga umeme wa moyo. Asiumeze bila daktari wake kujua.