Mafuta ya samaki kwa mbwa mwenye tatizo la moyo

Mkuu, umeuliza kama unaweza kumwachisha mbwa wako mzee dawa za moyo umpe omega-3, yaani mafuta ya samaki, peke yake, kwa kuwa dawa ni ghali. Tafadhali usimwachishe. Spitz wangu alipata tatizo hilohilo: vali ya moyo imechakaa, damu inarudi nyuma, mapafu yanajaa maji, usiku kucha anakohoa. Mbwa wadogo wakizeeka, huo ndio ugonjwa wa moyo unaowapata zaidi. Kilichomrudishia pumzi ni furosemidi ya kumkojosha maji na pimobendani ya kuupa moyo nguvu. Mafuta ya samaki hayawezi kazi hiyo.

Hata hivyo nilimpa, na ningempa tena. Moyo ukishindwa, mbwa hukonda vibaya, nyama za mgongo na mapaja zinaisha. Mwaka 1998, Lisa Freeman wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wa mbwa wenye moyo ulioshindwa, na waliopewa mafuta ya samaki hali yao ya kukonda ilipata nafuu. Wangu alirudia kula vizuri na mgongo ukajaa kidogo. Alikuwa kwenye dawa pia, kwa hiyo siwezi kuyapa mafuta sifa zote.

Sasa kipimo, maana hapa ndipo watu wanapotea. Usiangalie "1000 mg" iliyoandikwa mbele ya chupa, hayo ni mafuta yote kwa jumla. Geuza nyuma utafute EPA na DHA, ndizo aina mbili za omega-3 zilizomo kwenye mafuta hayo. Kwa mbwa wa moyo, kiwango kinachopendekezwa ni kama mg 40 za EPA na mg 25 za DHA kwa kila kilo ya uzito, kwa siku. Vidonge vingi vya kawaida vina EPA mg 180 na DHA mg 120, kwa hiyo mbwa wa kilo 9 anahitaji viwili. Anza na kimoja, kwani ukimpa vingi ghafla ataharisha.

Usimpe mafuta ya ini la chewa, yale ya watoto. Yana vitamini A na D, na ukifikisha kipimo cha omega unaweza kumzidishia vitamini hizo hadi zikawa sumu. Mafuta ya mbegu za kitani nayo hayasaidii sana, mwili wa mbwa hubadilisha kidogo mno kuwa EPA. Na dagaa wa chumvi hapana kabisa, chumvi inavuta maji yaleyale unayohangaika kuyatoa.

Akitakiwa upasuaji, mwambie daktari wa mifugo kwamba anatumia mafuta haya, maana yanaweza kuchelewesha damu kuganda. Na kila akilala fofofo hesabu pumzi zake: zikizidi 30 kwa dakika, mpigie daktari siku hiyohiyo.

Mpime uzito, kisha weka hapa namba za EPA na DHA za chupa uliyonayo tupige hesabu pamoja, halafu umwonyeshe daktari wake kabla ya kuanza.