Corot aliwatoa wapi wacheza dansi wake?
Ndugu, umeuliza iwapo Corot, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19, aliwaona kweli wasichana wakicheza dansi kando ya maji ya Ville-d'Avray. Sidhani. Nyumba ambayo wazazi wake waliinunua huko mwaka 1817, magharibi mwa Paris, ilimpa mabwawa, ukungu wa alfajiri na ile kijani iliyofifia kuelekea kijivu. Wachezaji, kwa maoni yangu, walitoka jukwaani, kwa kuwa alikuwa mpenzi mkubwa wa opera, na hata akiwa ukumbini alichora michoro ya haraka. Itazame picha yake ya nimfu (roho za kike za misitu na maji katika hekaya za Kigiriki) wanaocheza, ya mwaka 1850 hivi, iliyoko katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris: miti mirefu imesimama kama mapazia ya jukwaa, na wachezaji, wadogo mno chini yake, wanarukaruka penye mwanga.