Nyota moja au mbili: rea admirali wa Marekani

Mkuu, umeuliza kwa nini rea admirali (afisa wa ngazi ya juu wa jeshi la majini) mmoja wa Marekani ana nyota moja na mwingine mbili, ilhali wote wanaitwa "Admirali". Hujaona vibaya. Hivyo ni vyeo viwili vyenye jina moja.

Kwa miaka mingi Bunge lao halikutaka kabisa neno "admirali", lilinuka ufalme. (Asili yake ni amiri ya Kiarabu, ndugu wa Amiri Jeshi wetu.) Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikawalainisha: Julai 1862 David Farragut akawa rea admirali wao wa kwanza. Mwaka huohuo komodori, kilicho chini ya rea admirali, nacho kikawa cheo rasmi, kikafutwa 1899, kikarudi 1943 kikiwa na nyota moja.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia komodori akaachwa tena, na hapo ndipo vituko vilipoanza. Rea admirali wa nusu ya chini, yaani walio chini kwenye orodha ya cheo hicho, walilipwa sawa na brigedia jenerali, mwenye nyota moja, lakini wao wakavaa mbili! Mabrigedia wakanung'unika, na mimi nawaunga mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 komodori akarudishwa, na 1985 jina likabadilishwa kuwa rea admirali wa nusu ya chini, nyota moja.

Ukiwaona na koti, tazama mkononi. Wa chini ana utepe mmoja mpana wa dhahabu, kama sentimita 5. Wa juu ameongezewa mwembamba juu yake. Kwenye maandishi, RDML ndiye wa chini, RADM wa juu.