Samansi haingoji chai

Kijana mmoja wa chumba chetu cha habari amepokea barua kutoka kwa wakili wa kampuni aliyoiandika vibaya, akaipiga picha na kuiweka Wasapu: "Waje tu, kifungu cha 25 kilifutwa." Nikashika kichwa. Wadogo zangu, kilichofutwa na Mahakama ya Katiba ya Uganda Januari 2023 ni kosa la jinai la mawasiliano ya kuudhi, lililokuwa katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta. Kampuni haihitaji polisi. Inafungua kesi ya madai ya kashfa, inataka fidia na amri ya kukuzuia kuchapa, na mzigo wa kuthibitisha kwamba uliyoandika ni kweli unabaki kwako. Haya, tuanze upya: mfanye nini kampuni ikiwashitaki.

1. Tunza daftari, rekodi na nakala za nyaraka hata kazi ikishatoka kwa wachapaji wa Nasser Road.

2. Hesabu siku. Hapa nitakawia, maana ndipo nilipoumia. Nilihariri kijitabu kuhusu wakulima na kampuni iliyokuwa ikinunua mazao yao. Sura kuhusu mizani ya kampuni ya kupimia mazao ilikuwa imara, stakabadhi tulikuwa nazo. Samansi, yaani wito wa mahakama, ikaja, nikaisaini. Kesho yake akapiga simu afisa uhusiano wao, mpole ajabu, ananiita "mzee wangu" ilhali amenizidi umri. "Mambo ya mawakili tuyaache, tutayamaliza wenyewe." Nikafurahi! Tukakutana Wandegeya, tukanywa chai. Akaomba orodha ya sehemu tunazoweza kurekebisha, nami nikamwandikia, na salamu za heri juu yake. Mara bosi yuko safarini, mara yuko kikaoni. Mwandishi akiniuliza tutamwona wakili lini, namwambia atulie, gharama za nini wakati wenzetu ni waungwana?

Utetezi wa maandishi hupelekwa mahakamani ndani ya siku 15 tangu kupokea samansi. Siku hizo ziliishia kwenye vikombe. Wakili wao, ambaye uungwana wetu haukumhusu, akaomba hukumu kwa kuwa hatukujitetea, ikabaki kupanga fidia tu. Stakabadhi zimelala kabatini, hakuna jaji aliyeziona. Tulipoomba hukumu itenguliwe, ile orodha yangu ikasomwa mbele yetu kama kukiri kosa. Hukumu ilitenguliwa, tukabebeshwa gharama, lakini mwandishi alikuwa amechoka. Sura akaiondoa mwenyewe. Kampuni haikuwahi kushinda kesi ile, wala haikuwa na haja. Tukikutana huyo bwana bado ananisalimia kwa adabu, nami natamani angenitukana.

Kwa hiyo mazungumzo yapitie kwa wakili, yaandikwe "bila kuathiri haki" ili yasisomwe baadaye kama kukiri kosa, na utetezi upelekwe hata kama mnacheka pamoja.

3. Msinitajie Helen Steel na Dave Morris, wanaharakati waliojitetea London bila wakili waliposhitakiwa kwa kashfa na McDonald's. Walikaa mahakamani siku 313. Hukumu ya 1997 iliwaamuru walipe pauni 60,000 ingawa jaji alikubali sehemu ya waliyosema, na mpaka 2005 ndipo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba kuwanyima msaada wa kisheria hakukuwa haki. Nani kati yenu ana siku 313? Mwenye nyumba Bwaise anajua Ulaya?

4. Afrika Kusini, Novemba 2022, Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba kesi ya kunyamazisha watu inaweza kupingwa kama matumizi mabaya ya mahakama. Kampuni za madini ndizo zilizokuwa zimewashitaki wanaharakati wa mazingira na mawakili. Wakili wako aisome, ila haiwafungi majaji wa Kampala, na sheria mahsusi hatuna.

Namba zimenipotea. Andika mizani ilisoma nini, usiandike "wezi". Wape nafasi ya kujibu kabla ya kuchapa, kwa maandishi yenye tarehe. Usifute makala kwa woga kabla ya kuona wakili. Na askari wa getini mfundisheni: bahasha ya mahakama haikai chini ya redio yake. Aandike saa na tarehe, ailete mezani kwangu, hata akinikuta na rolex, chapati yetu ya mayai, mdomoni.